Kabla hujashika bisibisi, jiulize data iko wapi

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta, na nyie mnaokuja intanshipu kutoka vyuoni, haya mambo najikuta nayarudia kila kikija kikundi kipya, sasa nimeona niyaandike mtu ajisomee mwenyewe. Naandika Kiswahili sababu hapa Kampala meza moja ya kazi unakuta huyu ametoka Arua, yule Kasese, mwingine ndugu yetu wa Kongo, na Luganda si wote wameishika bado, ila Kiswahili cha kusukumia kazi kila mtu anacho.

Tuanze na lile ambalo ukilisoma peke yake ukaondoka sitakulaumu. Mteja akileta mashine anasema "kompyuta yangu imekufa", lakini mara nyingi anacholilia si chuma. Mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ikiungua tunatafuta nyingine, skrini ikipasuka mjini zipo, kibodi ni kazi ya nusu saa. Ila picha za marehemu babake, hesabu za duka za miaka yote, thesisi ambayo supavaiza anaingoja, hizo hakuna duka linaloziuza. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi jiulize: saa hii data ya huyu mtu iko wapi? Ukizoea hilo swali, sehemu za kompyuta zitakukaa kichwani zenyewe, hutahitaji kukariri kama wimbo wa shule.

Sasa data yenyewe ni nini. Mle ndani hakuna herufi wala picha wala muziki, kuna hali mbili tu tunazoziita 0 na 1. Moja ni biti, zikikaa nane ni baiti, na baiti moja inaweza kupangika kwa namna 256. Herufi A kubwa ni namba 65, kwa biti inaandikwa 01000001, a ndogo ni 97, kwa hiyo neno Uganda ni baiti 6 basi. Picha inakula mamilioni ya baiti sababu kila kidoti chake kina namba ya wekundu, ya kijani na ya bluu. Vifaa vyote vya kutunza data vinafanya kazi hiyo hiyo ya kushika 0 na 1, kinachotofautiana ni njia: kuna kinachotumia chaji ya umeme inayovuja, kuna kinachotumia sumaku, kuna kinachofungia elektroni ndani ya kichumba. Shika hizo njia tatu, maana ndizo zitakwambia kifaa kitakufaje na kama kuna cha kuokoa.

Kabla sijasahau, kuna lile swali la "mmeniibia GB". Mteja amenunua diski ya 500 GB, anaiweka, Windows inamwambia 465, anarudi amevimba. Hakuna aliyemwibia. Kiwandani wanahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024, basi 500 inasomeka 465 na 1 TB inasomeka 931. Mweleze taratibu, chukua kalkuleta mgawanye pamoja naye akiona, atakuamini na kesho ataleta rafiki yake.

Tuje kwa RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kazi inakaa wakati unaifanya. Hii ndo njia ya chaji inayovuja. Kila biti ni kikapasita kidogo mno pamoja na transista yake, na kwa vile kapasita inavuja, kompyuta inalazimika kuijaza upya kila baada ya milisekunde 64 hivi, mchana na usiku, muda wote RAM ikiwa na umeme. Wazo hilo ni la Robert Dennard wa IBM, alipata hataza yake 1968, na mpaka leo RAM zetu ni zile zile kwa asili. Maana yake kwako fundi ni kwamba umeme ukikatika kilichokuwa kwenye RAM kimeondoka, na huku kwetu umeme haupigi hodi. Mtu amechapa barua kurasa nne kwenye desktopu bila UPS, ile betri ya nje ya kushikilia umeme ukikatika, na hajasevu, hapo usimdanganye kwamba utaitafuta. Programu kama Word huwa inasevu nakala yake pembeni kila baada ya dakika kadhaa, hiyo unaweza kuikagua, lakini kile alichochapa baada ya hapo kimeenda.

Na hapa ndo wageni wengi wanaumiza watu bila kujua. Laptopu inaletwa imefungwa, taa inapepesa kidogo pembeni, maana yake imelala haijazimwa. Kuna kazi bado iko kwenye RAM, inashikiliwa na betri tu. Kijana anaigeuza, anafungua skrubu, anachomoa betri, kwisha. Ukiona taa inapepesa, mwite mwenyewe, mwambie "mzee, fungua kwanza usevu kazi yako", akishasevu izime kabisa ndo uanze. Inachukua dakika moja.

Desktopu inayolia pi-pi-pi bila picha kwenye skrini, kosa la kwanza la kulishuku ni RAM, na mara nyingi si kwamba imekufa, ni miguu yake ya dhahabu imeshika uchafu. Vumbi letu la murramu mnalijua, likichanganyika na unyevu wa msimu wa mvua linaganda. Chomoa waya wa umeme, bonyeza batani ya kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki ndani utoke, gusa chuma cha kasha ili mwili wako nao utoe umeme wake, alafu toa RAM, ishike pembeni, chukua raba ya kufutia penseli, ile nyeupe laini, futa miguu pande zote mbili kwa upole, pangusa vumbi la raba, rudisha mpaka usikie vishikizo vinalia ka. Usitumie msasa, nimeona watu wanatumia msasa, ile dhahabu ni nyembamba mno na ukiikwangua umeua. Mlio wa pi-pi nao unatofautiana kampuni kwa kampuni, kwa hiyo tafuta maana yake kwa modeli uliyonayo kabla hujatoa hukumu. Na ukitaka kuongeza RAM angalia aina: DDR3 ya laptopu ina miguu 204, DDR4 ina 260, tundu la katikati liko sehemu tofauti, voltiji pia tofauti. Ikikataa kuingia haijakosa nguvu za mkono wako, imekataa.

Betri ndogo ya mazabodi, ile inayotunza saa na setingi mashine ikiwa imezimwa, wengi wanaidharau. Alikuja mama mmoja wa duka la steshenari, desktopu imebebwa kwenye boda, analalamika intaneti imekataa, ameshanunua bando mara mbili na kila tovuti inamwambia si salama. Kijana wetu alikuwa ameshaanza kufomati kichwani. Nikamwambia tazama pembe ya chini ya skrini: mwaka 2010, Januari mosi. Basi. Tovuti zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa kompyuta ikiamini tuko 2010 inaona kila cheti hakijaanza kutumika, inakataa kila mlango. Betri ya CR2032, ya volti 3, bei yake ni kitu kidogo, tukaweka mpya, tukaseti saa, mama akaondoka na boda ile ile. Lakini kuna kamtego: kabla ya kutoa ile betri ingia kwanza BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine, upige picha setingi zote na simu yako. Zikifutika, kwenye mashine za zamani ile setingi ya diski inaweza kuruka kutoka AHCI kwenda IDE, namna mbili za mashine kuongea na diski, Windows inagoma kuwaka inaleta skrini ya bluu, na wewe unaanza kulaumu diski ambayo haina kosa lolote.

Hadi diski sasa, ile ya kuzunguka. Hii ndo njia ya sumaku, na ni kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote mle ndani. Ya kwanza kabisa IBM waliitoa 1956, sahani 50, ukubwa wake wa kujaza pembe ya chumba, na ilikuwa inabeba herufi milioni 5 hivi, yani leo hazitoshi picha mbili tatu nzuri za simu. Zetu za sasa ni sahani moja mbili tatu zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika. Ya 7200 piga hesabu, ni mizunguko 120 kila sekunde, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinaelea kwa nafasi ya nanomita chache bila kugusa. Alama ya kidole ni mlima pale. Kwa hiyo asikudanganye mtu na video ya mtandaoni, diski haifunguliwi kwenye meza yetu yenye vumbi na sufuria ya chai pembeni. Na wakati inazunguka usiibebe, usiigeuze, usiipige kofi "iamke".

Diski ikianza kulia tak, tak, tak, izime. Usijaribu mara nyingine kuona kama leo itakubali. Ule mlio mara nyingi ni kichwa kinatafuta njia kinashindwa kinarudi, na kama kimeumia, kila unapowasha kinaweza kuwa kinakwangua sahani, kinachokwanguliwa ndo thesisi yenyewe. Hapo mwambie mwenye mali ukweli: kuna maabara za kuokoa data zenye vyumba visivyo na vumbi, gharama yake ni kubwa, achague mwenyewe. Ila kama diski inasomeka japo kwa kusuasua, bila ule mlio, kazi ipo. Usikimbilie CHKDSK, programu ya Windows ya kukagua diski, ile inaandika na kurekebisha juu ya diski inayokufa, inaweza kukumalizia. Chukua diski nyingine nzima, kubwa kuliko hiyo, tumia ddrescue kwenye Linux, inanakili sehemu nzuri kwanza na kurudia mbaya baadaye, inakumbuka ilipoishia hata umeme ukikatika kama umeiwekea faili la kumbukumbu. Ukishapata nakala weka diski ya mteja pembeni, fanya utundu wako wote kwenye nakala.

Na kabla ya kufikia huko, mashine yoyote ikiingia ikiwa ina hadi diski soma SMART yake, ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia, na programu kama CrystalDiskInfo. Usiishie kwenye rangi ya bluu au njano, tazama mstari wa 05, ndo sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa, na C5, ndo sekta zinazosubiri hukumu. Zikianza kupanda, mwambie mteja abakapu leo, si wikendi. C7 ikipanda peke yake badilisha waya wa SATA, ule unaounganisha diski na mazabodi, kwanza, mara nyingi diski haina shida. Jambo dogo hilo limeokolea watu hela za diski mpya.

SSD ni njia ya tatu, elektroni zilizofungiwa. Chipu zake ni za flashi, kazi iliyoanzishwa na Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980, na ni damu moja na fleshi yako ya USB na memori kadi ya simu. Hakuna kinachozunguka, ndo maana laptopu nzee ukiiwekea SSD mtu anadhani umempa mashine mpya. Ukiniuliza kitu kimoja cha kufanya kwa laptopu ya miaka kumi inayokokota, ni hicho, hata kabla ya kuongeza RAM. Ya SATA inafika megabaiti 550 hivi kwa sekunde, ya NVMe, njia mpya ya kasi zaidi, nyingi zinapita 3000 bila jasho. Ila kwenye dukani kuwa makini, M.2 ni umbo tu: kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe, zinafanana kama mapacha, na laptopu nyingine inakubali moja inakataa nyingine. Soma kitabu cha modeli kabla hujamtuma mteja kununua, maana akirudi na isiyoingia aibu ni yako.

Ubaya wa SSD ni kwamba mara nyingi haitoi onyo. Hadi diski inalalamika, inasuasua, inalia, SSD inaweza kuwa nzima asubuhi na jioni BIOS haiioni kabisa. Vichumba vyake pia vinachakaa kwa kuandikwa, na ikikaa miaka bila umeme chaji inaweza kupungua mpaka data ikaharibika, kwa hiyo kumwekea mtu nakala yake pekee kwenye SSD ya kufungia kabatini sikubaliani nako. Alafu kuna zile laptopu ndogo za bei rahisi zenye eMMC, uhifadhi umelehemiwa juu ya mazabodi, hakuna cha kuchomoa. Mazabodi ikifa pale data imekufa nayo au inahitaji mtu wa kufungua chipu kwa hewa moto. Ukiiona ya namna hiyo ikiwa bado inawaka, kwanza toa data, mengine baadaye.

Mnaniuliza sana kuhusu kufuta, mbona mtu amefuta na sisi tunarudisha. Iko hivi, diski ina daftari linalosema faili fulani linakaa hapa. Ukifuta, ni kama mwenyekiti wa LC1, yani wa kijiji, amekata tu jina la mpangaji kwenye daftari la kijiji, mpangaji mwenyewe bado yuko ndani anapika. Atatoka siku chumba kikipewa mwingine. Fomati ya haraka ni hiyo hiyo, daftari jipya tupu, vyumba havijaguswa. Kwa hiyo aliyefuta kwa bahati mbaya mwambie aache kutumia mashine palepale, asidownload chochote, na wewe usiingize programu ya kuokoa kwenye diski hiyo hiyo, maana utakuwa unampangisha mgeni chumba cha thesisi. Toa diski, ifunge kwenye mashine nyingine, tumia PhotoRec au TestDisk, okolea kwenye diski tofauti. Hiyo ni kwa hadi diski, fleshi na memori kadi. Kwenye SSD ya ndani kuna kitu kinaitwa TRIM, Windows ikifuta faili inaiambia SSD "hivi vyumba havina mtu", na SSD inavisafisha yenyewe kimyakimya. Baada ya hapo usimpe mteja matumaini ya uongo, na hela ya kujaribu usiichukue.

Fleshi za "2 TB" za bei ya chakula cha mchana ni uongo, zote. Ndani kuna chipu ya gigabaiti chache na kontrola iliyofundishwa kusema uongo. Unaweka faili za kwanza zinakaa vizuri, ukipita ukubwa wake wa kweli inaandika juu ya za zamani au hewani, majina unayaona, kufungua hazifunguki. Mwonyeshe mteja akiangalia: endesha H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, inajaza fleshi yote alafu inasoma tena kuhakiki. Mteja anayeona namba kwa macho yake habishani.

Umeme nisiupitishe kimya japo ningependa. Kuna pawasaplai za desktopu zenye kiswichi chekundu nyuma, 115 na 230. Uganda ni 240, kwa hiyo kikae 230. Kikiwa 115 ukachomeka, unapata mlipuko na moshi na ukiwa na bahati inakufa pawasaplai peke yake. Mashine zilizoletwa kutoka Marekani ndo za kuangalia kwanza. Angalia kabla ya kuchomeka, kila mara, hata kama jana ulikuwa sawa, maana mtoto wa mtu huwa anachezea.

Mwisho kuna mambo ya kisasa ambayo ufundi wa zamani haukuwa nayo. Laptopu nyingi za Windows 11 zinakuja diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, na mwenyewe hajui. Wewe unabadilisha mazabodi, au unaapdeti BIOS, mashine inawaka inadai kii ya namba 48. Bila hiyo kii diski ni nzima, data ipo, na hakuna mtu wa kuisoma. Kwa hiyo kabla ya kugusa, muulize mteja akaunti yake ya Microsoft ni ipi, aingie kwa simu yake aangalie kama kii iko pale, aiandike kwenye karatasi aishike yeye.

Na data ya mtu si senema ya kutazama wakati wa chai. Tuna sheria ya ulinzi wa data na faragha ya 2019, na hata isingekuwepo, picha za ndani za mtu si zako. Ukihitaji kuhakiki kama faili zimerudi, fungua mbili tatu mwenye mali akiwa amekaa pembeni, yeye ndo achague zipi. Diski ya zamani ukiitoa kuweka SSD, irudishe mkononi mwake, usiiweke kwenye boksi la "tutaona". Akisema hataki, iandike sifuri yote mbele yake au mwambie arudi jioni ukimaliza, na kwa SSD tumia amri yake ya kujifuta iliyomo ndani, kuandika sifuri juu yake hakufikii vichumba vyote. Namba ya serial ya diski, ile ndefu ya kwenye stika, iandike kwenye risiti siku mashine inaingia, siku inatoka mteja ailinganishe mwenyewe alafu asaini.